Tiketi ya simu imetoka nikiwa nimeshapanda, mbona nimepigwa faini?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi nasoma Berlin. Juzi nimekimbilia treni mlango unafungwa, nikaruka ndani huku nanunua tiketi kwenye aplikesheni, mtandao ukasuasua, malipo yakapita tukiwa tumeshatoka stesheni. Kituo kinachofuata wakaguzi wakaingia, wakaskani wakaniandikia euro 60. Tiketi nimelipia na muda wake haujaisha! Wenzangu wananiambia nitume tu skrinishoti na faini wataifuta. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Si kweli, na hao wenzako wamekupoteza. Kazi yangu ni kusaidia abiria na barua za faini, na hii stori yako naipokea karibu kila wiki, majina tu ndo yanabadilika. Skrinishoti utakayotuma ndiyo itakayokumaliza, maana juu yake imeandikwa saa ya kununua. Tuseme treni imeondoka 14:06, tiketi imezaliwa 14:08. Hapo unabisha nini sasa?

Watu wanadhani kosa ni kutolipa. Hapana jamani! Kosa ni kuwa ndani ya treni bila tiketi inayofanya kazi, na tiketi ya simu inatakiwa iwe imeshakamilika kabla hujakanyaga ndani. Siyo umefungua aplikesheni, siyo umeweka tiketi kwenye kikapu, siyo kile kiduara kinazunguka, imekamilika na unaiona. Mtandao ukigoma unabaki nje unasubiri treni nyingine, basi. Najua inauma, hasa ukiwa umechelewa darasani, ila mkaguzi hawezi kukutofautisha wewe uliyekwama mtandao na yule aliyekaa kidole juu ya kitufe cha kulipa akisubiri aone wakaguzi ndo abonyeze. Huo mchezo wa kubonyeza ukiwaona wakaguzi naona watu wanafundishana mpaka leo kama vile ni ujanja mpya, na unanikera kuliko yote kwa sababu wanaoingia mkenge ni wageni wasiojua kwamba saa inasomeka kwenye kile kimashine.

Kuna na hii ya euro 7 ambayo umeshaisikia au utaisikia. Ipo kweli, ila ni ya mtu mwenye tiketi ya muda yenye jina lake, kwa mfano ya mwezi, ambayo siku hiyo alikuwa nayo tayari ila akashindwa kuionyesha. Huyo akienda kuionyesha ndani ya wiki moja, zile 60 zinashuka mpaka 7. Simu imezima chaji? Ndo njia yake hiyo, maana betri ni mzigo wako, mkaguzi akiona kioo cheusi kwake huna tiketi. Wewe tiketi yako ni ya safari moja na imetoka baada ya kupanda, kwa hiyo njia hii haikuhusu.

Halafu ukishaanza kununua mapema usije ukaangukia shimo la pili. Tiketi ya safari moja hapo Berlin inakaa dakika 120 lakini ni kwenda upande mmoja tu. Watu wanaenda dukani wanarudi ndani ya saa moja na nusu wanajiona wako salama, wanaandikiwa euro 60 zilezile, na hapo simu inaonyesha kabisa muda bado upo!

Lipa, mdogo wangu, na ulipe kwa tarehe iliyo kwenye ile karatasi. Usiitupe. Deni linapanda na gharama za ukumbusho, na ukirudiarudia kampuni inaweza kukushtaki kabisa, kifungu cha 265a cha sheria ya jinai kinafika mpaka kifungo cha mwaka mmoja.

Na kama unawaza uhamie Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, ili uachane na haya, sawa, wazo zuri, inakubali mabasi na treni za kawaida nchi nzima (zile treni za masafa marefu, ICE na IC, hapana). Ila nunua kwa kampuni ya usafiri yenyewe, kwa jina lako, na utembee na kitambulisho chenye picha. Usinunue kwa hao wa Telegram wanaouza nusu bei! Nyingi wanazichukua kwa akaunti za benki za watu wengine, mwenye akaunti akishtuka hela inarudishwa na tiketi inafungwa, wewe huku bado unaona ile alama ya kuskani iko kwenye simu inang'aa vizuri tu. Mkaguzi akiskani inagoma, muuzaji ukimtafuta ameshakublock, na anayeulizwa kaipata wapi ni wewe uliyeishika.