Re: Uji wa oti wenye matunda ya moto

Dada, umesema uji wako unavuta kama gundi na maziwa yalikatika ulipotia nanasi. Tatizo la kwanza ni mwiko. Oti ikikorogwa mfululizo inaachia wanga mwingi, ndiyo maana inavuta. Chemsha kikombe 1 cha maji na kikombe 1 cha maziwa pamoja na chumvi kidogo na iliki, mimina kikombe 1 cha oti zile bapa, punguza moto, koroga mara chache tu. Dakika 5 zinatosha. Epua ukiwa bado mwepesi, maana unazidi kuwa mzito ukikaa.

Nanasi sasa. Lina asidi, ambayo hukata maziwa, na likiwa bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa na kuyafanya machungu. Moto unakiua hicho kimeng'enya, kwa hiyo lipike peke yake: vipande vidogo, kijiko cha sukari, kijiti cha mdalasini, maji kidogo, hadi lilainike na mchuzi wake ushike. Asidi bado ipo, basi mwagia juu ya bakuli, usilichemshe ndani ya uji. Ukipata nanasi tamu la Kiwangwa, kule Bagamoyo, sukari acha kabisa.

Ndizi mbivu haina matata, ikaange kwa siagi kidogo. Embe subiri msimu; kipupwe hiki cha Julai utauziwa bei kubwa bure.

Binafsi maziwa nayabadilisha kwa tui jepesi la nazi. Linakwenda na nanasi vizuri mno, na watoto wanamaliza bakuli.