Maswali na Majibu: Mkienda na Wenzenu wa Kazini Kuona Wanyama

Tuko kumi na wawili, tuna siku mbili. Tutembelee hifadhi ngapi?

Moja, na hata hiyo hamtaimaliza. Serengeti peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 14,000.

Tumepanga kutoka kazini Ijumaa jioni, tuendeshe usiku kucha, alfajiri tuwe getini. Dereva ni mwenzetu. Kuna ubaya?

Upo, na mkubwa. Mwenzenu ameamka mapema, ameshinda kazini mchana kutwa, kisha mnamkabidhi usukani huku nyinyi mmelala viti vya nyuma. Usingizi haumpigii mtu hodi. Tena nyati haonekani gizani mpaka taa za gari zimfikie, na hapo breki zimeshachelewa. Pale Mikumi barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na wanyama hugongwa mwaka hadi mwaka. Ondokeni Jumamosi asubuhi, mlale karibu na geti, Jumapili muingie linapofunguliwa. Na wawe madereva wawili wenye leseni, si mmoja na "atakayemsaidia akichoka".

Lazima tuamke usiku usiku? Si tumekwenda kupumzika?

Simba naye anapumzika, hadi saa 20 kwa siku. Mkiingia saa tano jua limeshakuwa kali, mtaambulia ncha za masikio juu ya majani.

Kuna mwenzetu kila tukiona mnyama anampigia dereva kelele: "Sogea! Sogea!" Ni mkubwa wetu kazini, tunaona haya kumkatalia.

Swali hili ndilo lililonifanya nikae kuandika wiki hii. Cheo kinaishia getini. Ndani ya gari anayesikilizwa ni dereva, na dereva husikiliza sheria za hifadhi. Mwambieni hivyo kabla ya safari, kwa heshima, kikaoni, si mbele ya tembo.

Maana tembo hajui cheo cha mtu. Akitandaza masikio, akainua kichwa na kuwakabili, mmeshamkaribia kupita kiasi. Rudini nyuma polepole. Dume mkiona majimaji yanamtiririka shavuni, kati ya jicho na sikio, msisubiri ishara nyingine yoyote, mpisheni.

Kwa duma anayeumia ni mnyama mwenyewe. Yeye huwinda zaidi mchana, saa ambazo simba na fisi wengi wamelala, kwa sababu hao humpora nyama yake. Niliwahi kumwona mmoja juu ya kichuguu, shingo imenyooka, macho hayabanduki kwa swala tomi. Gari la kwanza likakata kona mbele yake, la pili likafuata, injini zinanguruma. Swala wakatimka. Duma akashuka, akalala kwenye majani, mbavu zote zinahesabika. Watu walipata picha nzuri sana, na yule mnyama akakosa chakula. Simameni mbali, zimeni injini, nyamazeni.

Tuwape nyani mabaki ya chakula? Watoto wa mwenzetu wanapenda.

Hapana. Nimeshajibu swali hili mara nyingi kuliko yote, na bado linakuja. Nyani akishajua kuwa gari lina chakula, kesho atampokonya mtoto mkononi, na ana meno ya kumjeruhi vibaya. Mwisho wake nyani huyo huuawa kwa kuwa hatari, na aliyemfundisha ni nyinyi. Fungeni vioo.

Nguo za rangi gani?

Kaki au kijani kilichofifia. Bluu iliyokoza na nyeusi huwavuta mbung'o.

Mwaka jana hatukuona simba hata mmoja. Tulidanganywa?

Hamkudanganywa. Mlikuwa mnatafuta simba tu. Mngewatazama swala pala: wakisimama wote wakielekea upande mmoja, masikio mbele, wakikoroma kwa kushtuka, kuna kitu wamekiona. Au tai wanaoshuka mmoja baada ya mwingine nyuma ya mti. Au askari wa kifaru, wale ndege wanaotembea mgongoni mwa nyati, wakiruka kwa kelele ghafla. Safari hii mkiona lolote kati ya hayo, msiondoke. Mpeni dereva nusu saa, na mwenye darubini asiishushe.