Nguzo zimejaa kome; mchanga je?

SWALI: Mwalimu, nimeona video ya nguzo za mitambo ya upepo iliyojengwa baharini. Zimefunikwa na kome, samaki wamezizunguka. Kaka yangu anashikilia kwamba mitambo hiyo inaua viumbe wa sakafu ya bahari. Mimi nilichoona ni uhai mtupu. Nani yuko sahihi? Na nyaya za umeme zinazopita huko chini hazidhuru kaa?

JIBU: Video yako haidanganyi, binti yangu, ila imepiga picha nguzo tu. Mimi nimefanya kazi ya kuchekecha mchanga wa Bahari ya Kaskazini, kwa hiyo nikitazama video kama hizo hutafuta kilicho pembeni.

Mashamba mengi ya upepo ya bahari hiyo, yaani makundi ya mitambo kama uliyoiona, yako juu ya mchanga. Wenyeji wake ni minyoo, jamaa wadogo wa chaza na vijidudu jamii ya kamba, wote wanaoishi wamejifukia. Kuwahesabu, unashusha kijiko kikubwa cha chuma kinachochota eneo la mita mraba 0.1, unaosha mchanga huo juu ya chekecheke lenye matundu ya milimita 1, kisha unakaa na hadubini mpaka macho yachoke. Ninaipenda kazi hiyo, na inaniuma kwamba viumbe hao hawaonekani kwenye video yoyote.

Nguzo inaposimikwa na mawe kumwagwa kuizunguka ili mkondo usichimbe mchanga wa chini yake, waliokuwa pale hufukiwa. Hawawezi kurudi, maana makazi yao yamekuwa mwamba. Huja wageni: kome karibu na uso wa maji, anemoni, wanyama laini wanaofanana na maua, chini zaidi, viti vya pweza wanaofuata kome, na Jassa, vijidudu wanaojenga vijumba vya tope juu ya chuma. Kaa hujificha kati ya mawe. Hapo kaka yako ana hoja, ingawa eneo linalogeuka mwamba kwa kawaida halifiki asilimia 1 ya shamba.

Athari haziishii kwenye mawe. Kome huchuja maji na kula vijimea vinavyoelea, na mavi yao huzama. Watafiti wa Ubelgiji walikuta kwamba kwenye shamba la upepo la Thornton Bank mchanga wa karibu na nguzo umekuwa laini zaidi, una mabaki mengi ya chakula na wanyama wengi kuliko ule wa mbali. Kwenye Bligh Bank, shamba lililo jirani, mabadiliko yalikuwa hafifu. Nalisisitiza hili kwa sababu watu huchukua matokeo ya shamba moja wakayavisha bahari nzima. Tena wingi si uzima: mchanga safi wenye wanyama wachache ni makazi kamili, si jangwa linalosubiri kuokolewa.

Kwa maoni yangu, faida kubwa hailetwi na kome, bali na kuzuiwa kwa nyavu za kukokota, ambazo zimekuwa zikikwangua sakafu hiyo kwa vizazi. Ubelgiji imepiga marufuku uvuvi ndani ya mashamba yake. Uholanzi wanajaribu kurudisha chaza bapa wa Ulaya kwenye mashamba ya upepo. Chaza hao waliwahi kutanda maeneo makubwa ya bahari hiyo kabla ya kumalizwa, hasa na uvuvi. Wanahitaji kitu kigumu cha kushikamana nacho, na utulivu. Lakini nguzo nazo zina mwisho. Vindeby ya Denmark, shamba la kwanza duniani kujengwa baharini, ilianza 1991 ikiwa na mitambo 11, ikabomolewa 2017. Nguzo iking'olewa, kome wake nao wanakwenda.

Kuhusu nyaya: aghalabu hufukiwa mchangani, na umeme unaopita huzalisha uga wa sumaku unaopungua haraka kadiri unavyojitenga na waya. Katika matangi ya maabara, kaa wa kahawia wa Ulaya walivutwa na uga huo, wakakaa kwenye maficho yenye sumaku badala ya kuzurura. Nguvu iliyotumika, hata hivyo, ilizidi sana ile ya kawaida juu ya waya uliofukiwa. Kufukia hakuuzimi uga wenyewe. Kunamweka kaa mbali nao.