Piga Hodi Kabla ya Kuwasha Maikrofoni

Mialiko mingi ya podikasti haijibiwi kwa sababu mwalikaji ameingia ndani bila kubisha. Ujumbe unaanza na "Mambo", unafuata "Alhamisi una nafasi?", na mpokeaji hajui anaongea na nani wala namba yake imetoka wapi.

Chukua podikasti ya kazi za mikono inayomtafuta fundi wa majahazi wa Nungwi, Unguja. Mzee wa namna hiyo hapatikani kwa barua pepe. Hupatikana kupitia mtu: mwanawe, fundi mwenzake, au sheha (kiongozi wa mtaa). Mwombe huyo wa kati amuulize mwenyewe kwanza kama namba yake itolewe. Akiridhia, andika hivi:

"Shikamoo mzee wangu. Naitwa fulani, wa podikasti ya mafundi wa pwani. Namba nimepewa na mwanao, aliyesema umeruhusu. Niliona jahazi ulilolimaliza mwaka jana, nikatamani kukuuliza kwa nini mbao za chini huungwa kwanza ndipo mataruma yafuate. Naomba nije hapo pwani tuzungumze dakika 45, siku utakayopenda. Nitafidia muda wako wa kazi. Kama haikupendezi, si neno, nakushukuru."

Uzito wa ujumbe huu uko kwenye mbao na mataruma, yaani mbavu za chombo. Swali hilo haliwezi kutumwa kwa mtu mwingine, na fundi analijua hilo papo hapo. "Tunapenda sana kazi zako" inaweza kutumwa kwa watu mia, nayo huonekana hivyo. Kabla ya kuandika, tazama kazi ya mgeni kwa saa moja hivi, au sikiliza mahojiano yake mawili ya nyuma, kisha tafuta jambo moja ambalo hakuulizwa.

Fidia itajwe mwanzoni. Fundi analipwa kwa kazi ya mikono yake, na muda anaokupa ameutoa kwenye riziki. Kama huna cha kulipa, sema wazi, na angalau ubebe nauli yake au bando lake. Usimwambie atapata kujulikana. Nungwi nzima inamjua.

Muda nao una adabu zake. Ijumaa usipange karibu na sala. Ramadhani epuka alasiri: aliyefunga kinywa kimekauka, na maikrofoni hunasa kila mlio wa ulimi. Ukiandika "saa 4 asubuhi", ongeza 10:00 kwa anayetumia kalenda ya simu. Mgeni aliye London yuko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa 2 majira ya joto na saa 3 majira ya baridi, na huko saa hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Miadi mingi huharibikia hapo. Zoom ya bure nayo hukata baada ya dakika 40, kwa hiyo andaa kiungo cha pili mapema.

Mtumishi wa umma huenda akahitaji kibali cha mwajiri. Mpe wiki tatu na barua rasmi, usimsukume.

Akinyamaza, fuata desturi ya hodi: mara tatu. Ujumbe wa kwanza, ukumbusho mfupi baada ya siku 7, wa mwisho baada ya wiki mbili nyingine. Hapo ondoka, wala usimtumie mwanawe kumshinikiza.

Akikubali, mpigie dakika 15 siku chache kabla. Mpe maeneo matano ya mazungumzo badala ya maswali yenyewe, maana majibu yaliyokaririwa husikika kama risala. Muulize asichotaka kiguswe; huenda kuna chombo kilichozama na watu. Ridhaa ya sauti na ya picha ziombe mbalimbali, kwa maandishi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022.

Kipindi kikiwa tayari, usimtumie kiungo peke yake. Dakika 45 za MP3 ya mono (mkondo mmoja wa sauti) kwa 64 kbps (kilobiti kwa sekunde) ni kama MB 22, zinapita WhatsApp zikitumwa kama hati (document). Mtumie faili lenyewe, kabla hujalitangaza kokote, ili alisikilize na wenzake kivulini, pembeni ya chombo.