Fedha za korona: za Marekani, na zile tunazozisubiri

Maswali ya wiki hii yamezaliwa na ujumbe mmoja wa sauti uliozunguka simu za watu kuanzia Muheza hadi Pangani: eti wakulima wa Marekani walilipwa na serikali kwa sababu ya korona, na zetu "ziko njiani".

Hao wa Marekani walilipwa kweli, au ni porojo? (Mkulima wa machungwa, Muheza)

Walilipwa. Aprili 2020 serikali yao ilitangaza dola bilioni 19: bilioni 16 kwa wakulima na wafugaji wenyewe, bilioni 3 za kununua vyakula wagawiwe wenye shida. Septemba ikaongezwa awamu ya pili, hadi bilioni 14. Shule na mikahawa ilikuwa imefungwa, bei zimeanguka, maziwa yanamwagwa. Nawe unakumbuka malori yalivyokwama mpakani Horohoro mwaka huo, madereva wakingoja vipimo. Ila hasara yako hakuna aliyeiandika.

Walijuaje nani apewe ngapi? Kitongoji chetu hata idadi ya kaya hakijui. (Mama wa ng'ombe wawili, Lushoto)

Shikamoo mama, umenichekesha, lakini umegusa penyewe. Kule karibu kila kaunti ya mashambani ina ofisi ya serikali ya kuhudumia wakulima, na wengi tayari majina, mashamba na akaunti zao za benki zilikuwa humo. Mtu alijaza fomu, akataja mifugo yake mwenyewe.

Sasa sikiliza hesabu yenyewe. Ng'ombe aliyenoneshwa akauzwa kwa kuchinjwa kati ya Januari 15 na Aprili 15 alilipiwa dola 214. Ndama wa chini ya kilo 270 hivi, 102. Aliyekuwa bado zizini baada ya hapo, 33 tu. Chukua majirani wawili: mmoja kauza mapema, mwenziwe kangoja bei ipande. Aliyengoja alipata kidogo mwanzoni, ingawa awamu ya pili ilimwongezea kiasi. Na kwa kuwa malipo yalifuata idadi, mwenye zizi kubwa alivuna zaidi, ingawa kulikuwa na kikomo cha dola 250,000 kwa mtu. Wakaguzi walipopita baadaye, baadhi ya waliolipwa hawakuwa na karatasi za kuthibitisha. Kwa hiyo usidhani kule kila kitu kilinyooka.

Basi zetu zilikwenda wapi? (Kijana wa mkonge, Korogwe)

Zetu hazikuwa za kugawiwa mkononi. Zile shilingi trilioni 1.3 za korona ambazo Tanzania ilipata mwaka 2021 zilikuwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, zikaenda kwenye madarasa 15,000, afya, maji na mengineyo. Mimi ningependa mkulima naye angekumbukwa, lakini ndivyo zilivyopangwa. Na mkopo hulipwa, kijana, hata na wewe.

Ruzuku ya mbolea si ndiyo fidia yenyewe? (Handeni)

Siyo. Hiyo ilianza 2022 mbolea ilipopanda bei, nayo ni punguzo la dukani kwa aliyeandikishwa.

Kuna bwana anatoza 10,000 kutuandikisha "fidia ya korona". Tumpe? (Akina mama wa nazi, Pangani)

Msimpe hata mia. Fidia hiyo haipo. Kuandikishwa kwenye daftari la wakulima ni kwa ofisa mtendaji wa kijiji, wala hamtozwi. Aliyekwisha kutuma aende polisi na ujumbe wa muamala leo hii, kabla bwana huyo hajatupa laini.