"Mawimbi yanayosimama" au "mawimbi yaliyosimama"?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Tabora. Ninaandaa maelezo ya Kiswahili ya jaribio la kupima mawimbi ya sauti kwa bomba lililotumbukizwa majini. Mwenzangu anasema kwamba, kwa kuwa tunaandika "mawimbi yanayosafiri", hatuna budi kuandika pia "mawimbi yanayosimama". Mimi nimezoea "yaliyosimama", ila nachelea wanafunzi watadhani ni jambo lililokwisha kupita. Tushike lipi?

JIBU: Mwalimu, shika hilo ulilolizoea. "Safiri" hutaja tendo linaloendelea, lakini "simama" ni ndugu wa "kaa", "lala", "inama" na "vaa": hutaja kuingia katika hali fulani, na hali yenyewe huonyeshwa kwa kiambishi -me-. Mtu akisema "treni inasimama" pale stesheni ya Tabora, wasafiri huelewa kwamba magurudumu bado yanazunguka; akisema "treni imesimama", huanza kushusha mizigo.

Sasa, katika Kiswahili sanifu -me- haiandamani na kirejeshi (hapa ni -yo-) ndani ya kitenzi, kwa hiyo hatuwezi kuandika "yameyosimama". Ama tuseme "ambayo yamesimama", ama kazi hiyo ibebwe na -li-, na hapo ndipo "yaliyosimama" inapopata maana ya hali iliyopo sasa. Tunapohimizwa kufukia madimbwi ya "maji yaliyotuama", hakuna anayedhani kwamba maji hayo yalituama jana na leo hayapo. Umbo "yasimamayo" nalo ni sahihi kisarufi, ila huelekea zaidi kwenye mazoea.

Ninalitilia mkazo jambo hili kwa sababu jaribio lenyewe linalidai. Ukigonga uma wa sauti, yaani chuma chenye meno mawili kinachotoa sauti moja, wenye mitetemo 512 kwa sekunde, ukaushika juu ya mdomo wa bomba, kisha ukalipandisha bomba polepole kutoka majini, sauti huvuma ghafla safu ya hewa inapofikia karibu sentimita 16, hufifia, halafu huvuma tena kwenye sentimita 50 hivi. Wakati huo wote mawimbi yanayoshuka na yale yanayorudishwa na uso wa maji yanaendelea kusafiri. Kilichosimama ni umbo linalozaliwa na kukutana kwao, ambalo vifundo vyake, yaani mahali ambapo hewa haitikisiki, havihami. Mwanafunzi akisoma "yanayosimama" atawaza sauti inayopunguza mwendo hadi kukoma, kisha atashindwa kuelewa kasi anayoambiwa aitafute ni ya kitu gani.

Kasi hiyo hupatikana kwa urahisi. Tofauti ya vipimo viwili, sentimita 34, ni nusu ya urefu wa wimbi. Wimbi zima ni sentimita 68, na mita 0.68 ikizidishwa kwa 512 hutoa takriban mita 348 kwa sekunde, karibu sana na 346 inayotarajiwa katika hewa ya nyuzijoto 25. Tofauti ndiyo inayotumika, wala si kipimo kimoja, kwa kuwa mtikisiko wa hewa huvuka kidogo mdomo wa bomba.

Katika umoja andika "wimbi lililosimama". Tena, badala ya "kupima mawimbi ya sauti", kichwa cha maelezo yako kiseme "kupima urefu wa wimbi la sauti", kwa maana rula inapima urefu tu, na kasi inakokotolewa.