Koa wadogo wa bahari: rangi iache mwisho

Ndugu yangu, umetuwekea picha ya koa uliyemkuta mwambani ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi: mweusi, matuta ya buluu iliyopauka, vinundu vya njano, urefu kama ukucha wa kidole gumba. Umeshapewa majina matatu, na wote waliokujibu wametazama rangi. Nakuomba uanze na umbo.

Mtazame mgongoni, kwa nyuma. Chromodoris, jina la kwanza ulilopewa, ana matamvua, yaani viungo vya kupumulia, yaliyochomoza hapo kama shada la maua. Wako hana, basi jina hilo tulitoe. Si kwamba hana matamvua kabisa: jamii ya Phyllidiidae, yenye yale majina mengine mawili uliyopewa, huyaficha ubavuni, chini ya ukingo wa mgongo, juu kidogo ya unyayo. Hakikisha pia si mnyoo bapa, maana wapo wanaofanana mno na koa hawa kwa rangi. Mnyoo ni mwembamba sana, ukingo wake unacheza mawimbi, na kichwani ana mikunjo tu. Wako ana pembe mbili zilizosimama kila moja kwenye tundu lake. Huyo ni koa.

Sasa kuza picha kwenye pembe hizo. Ni za njano. Phyllidiella pustulosa, jina la pili, pembe zake ni nyeusi, na vinundu vyake huwa vya waridi au kijani hafifu. Tunabaki na Phyllidia. Mimi naegemea Phyllidia varicosa, lile jina la tatu, lakini yuko ndugu yake, Phyllidia coelestis, ambaye kwa juu wanaweza kukuchanganya, hasa wakiwa wadogo na vinundu bado vichache. Tofauti iko chini: unyayo wa varicosa una mstari mweusi katikati, wa coelestis hauna. Picha yako imepigwa kutoka juu, haiwezi kuamua hilo. Tafadhali usimbandue kwenye jiwe ili umgeuze. Subiri apande ukingo wa jiwe au ainue sehemu ya mbele akitafuta njia, ndipo upige kutoka chini. Wala usimtie ndooni pamoja na samaki; ute wake una sumu inayoweza kuwaua.

Kuhusu rangi, kumbuka maji hula nyekundu kwanza. Hata kwenye mita tano tu picha isiyo na taa imeshaanza kuwa ya buluu, na koa mwenye ukingo mwekundu ataonekana wa kahawia. Huku kwetu ongeza tope la Mto Sabaki baada ya mvua, linalotia kila kitu umanjano. Kwa hiyo nenda na tochi au flashi, na ukiweza ngoja siku maji yakiwa safi.

Lakini hata rangi iliyotoka sawasawa inaweza kukuchanganya. Mwaka 2018 watafiti wa California Academy of Sciences walieleza spishi 17 mpya za Hypselodoris, kundi jingine la koa wa bahari. Mmoja wao, Hypselodoris iba, ana sura mbili, zambarau na nyeupe ya maziwa, na ni spishi moja. Kinyume chake, koa wa spishi mbalimbali wanaoishi mwamba mmoja huweza kuvaa rangi zilezile, kwa kuwa samaki ameshajifunza kuziogopa.

Kitu ambacho wengi hawakipigi picha ni chakula. Phyllidia hula sifongo. Koa wenye vidole vidole mgongoni wengi wao hula haidroidi, wanyama wadogo wa baharini wanaofanana na vijimea. Wa kijani kibichi aliyejikunja juu ya mwani huenda ni Elysia, ambaye anakula huo mwani wenyewe. Kabla hujamkaribia koa, piga picha pana ya mahali alipokaa, halafu pembe, mgongo wa nyuma, ubavu, na kitu cha kupimia urefu kikiwa pembeni bila kumgusa.

Kwa sasa chini ya picha yako andika Phyllidia tu, pamoja na kina cha maji na tarehe. Ukipata ile ya unyayo, ilete hapa tuitazame.